Springi za Baba Mkwe

"Imetoka tena," dereva alisema, akazima injini.

Hakukuwa na haja ya kuuliza nini. Ndani ya gari walikuwa wawili tu, yeye na muuguzi ambaye kila mtu alimwita Sista, na Sista alikwisha usikia ule mlio wa chuma chini ya kiti chake na kuliona gari likiinama upande wa kushoto. Alifungua mlango, akashuka kwa kuruka, maana gari lile lilikuwa limeinuliwa na fundi kwa springi ndefu, hata mtu mzima alishuka kama mtoto anayetoka kwenye kitanda cha wazazi. Akavuta sanduku la chanjo, akaenda kukaa juu ya jiwe lake. Ndiyo, lake. Mtu akishakaa juu ya jiwe moja mara saba ndani ya wiki tano, jiwe ni lake hata kama hana hati.

Dereva alitandika gunia chini ya gari akaingia na jeki. Kazi aliijua sasa kuliko sala zake. Korongo lile huwezi kulivuka bila gurudumu moja kuning'inia hewani kabla ya kupata mwamba wa pili. Na gurudumu la nyuma kushoto likining'inia, lilishuka chini kupita urefu wa springi yenyewe. Springi ilibaki haina wa kuibana, ikateleza kutoka kwenye kikalio chake, ile sahani ya chuma iliyo juu ya ekseli, na gurudumu liliporudi juu, springi ilikuwa imekaa upande kama mlevi kwenye benchi. Dawa yake ilikuwa kuinua mwili wa gari kwa jeki, kuishika springi kwa mikono miwili, kuirudisha kitini, kwenye kikalio, kwa mtaimbo, kushusha jeki na kumwomba Mungu.

"Ya ngapi sasa tangu tuanze?" Sista aliuliza kutoka chini ya mwavuli wake.

"Ya tano. Ya sita."

"Ya saba. Ninayekaa juani ni mimi, usinifundishe kuhesabu." Aliugeuza mwavuli. "Baba Pacha, kwa nini humwambii fundi aliyeliinua hili gari?"

"Fundi ni mkwe wangu."

"Si ndiyo rahisi zaidi? Mtu wa nyumbani."

Chini ya gari kukasikika kicheko kifupi. "Sista, umeolewa?"

"Mwaka wa kumi na nne."

"Mumeo amewahi kumwambia baba yako kwamba amekosea?"

Sista alifikiri. "Mume wangu," alisema, "akimwona baba yangu barabarani anazima sigara, na wala havuti."

"Basi."

"Lakini mficha uchi hazai."

"Nina pacha, Sista. Wananitosha."

Walicheka wote wawili, ila hakikuwa kicheko cha kukaa. Springi iliteleza mara mbili kabla ya kukubali. Walipofika juu mlimani ilikuwa saa saba kasoro. Akina mama waliokuwa wakingoja tangu asubuhi wengi walikwisha ondoka. Walibaki kumi na mmoja, wamekaa ukutani na watoto mapajani. Sista alifungua sanduku, akasoma kipimajoto, akalifunga tena polepole. Barafu ilikuwa maji.

"Leo hakuna chanjo," aliwaambia. "Hizi zimeharibika. Nisameheni."

Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Mama mmoja alimfunga mwanawe mgongoni upya, akapita mbele ya dereva, akamwambia "pole na safari" kwa adabu kabisa. Dereva aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Waliporudi, mganga mkuu wa kliniki alimpa barua. Ilikuwa na mistari mitatu. Akichelewa tena Jumanne, litatafutwa gari lingine.

*

Sasa tuseme ukweli, watu wa mtaa wa dereva hawakuwa na kazi. Mwanamume anayetoka alfajiri na kurudi jua likizama, nguo chafu, hana maneno, mtaa ulikwisha mtafutia mwanamke. Wengine walisema yuko mlimani, wengine walisema ni Sista mwenyewe. Mama Pacha, mkewe, aliyasikia kisimani, akayasikia dukani, akajibu kwamba kama mwanamke huyo yupo basi naye amsaidie kufua.

Alikuwa na sababu ya kutokuwa na wasiwasi. Mama Pacha alizaliwa gereji. Baba yake ndiye yule fundi wa magari aliyeitwa Mzee Jeki, kwa sababu ujanani, watu walisema, aliinua kona ya gari kwa bega mpaka mwenzake akatolewa chini. Mtoto wa mtu kama huyo huwezi kumdanganya kwa shati. Ijumaa ile alilikunjua shati la mumewe juu ya karai, akalinusa begani.

"Baba Pacha. Mwanamke gani huyu anayejipaka grisi?"

"Kulikuwa na matope korongoni," mumewe alisema. Alikuwa amekaa kizingitini akiwavua pacha viatu, kiatu hiki cha huyu, kiatu hiki cha yule.

"Matope ya wapi? Mvua imekatika mwezi wa pili huu."

Aliinamia viatu. Mkewe akatia mkono mfukoni mwa shati ili asiloweshe noti kwa bahati mbaya, akatoa barua. Aliisoma mara moja. Alifuta mikono, akatoka nje, na pale uani, na kanga yake na ujauzito wake wa miezi mitano, akapiga magoti kando ya gari, akainama, akachungulia.

Alichokiona kilitosha. Rangi ya kikalio cha kushoto ilikuwa imechubuka yote ukingoni, chuma kinang'aa. Kwenye koili ya chini, mzunguko wa mwisho wa springi, kulikuwa na mikwaruzo ya mtaimbo, mipya juu ya ya zamani. Na kipande cha waya uliokatika kilikuwa bado kimeng'ang'ania ekseli.

Mumewe alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Akampa mkono ainuke.

"Tangu lini?"

"Tangu safari ya kwanza."

"Na waya huu?"

"Niliifunga springi nao. Lakini kila Jumamosi ilibidi niufungue, kwa sababu ya Jumapili."

Hapo Mama Pacha alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana Jumapili aliijua. Kila Jumapili baba yake alikuja kula chakula cha mchana kwao, na kabla ya kunawa mikono alilizunguka gari lile, akachuchumaa, akaipigapiga ile springi kwa kiganja. "Hii," angesema, na kama kuna jirani anapita angeitwa, "hii ni kazi ya mkono. Si ya kununua dukani." Alikuwa ameacha magari ya watu siku nne kuliinua gari la mkwewe. Springi ndefu alizitafuta mwenyewe. Shokapu, zile bomba za kutuliza mrukoruko, alizitoa kwenye akiba yake, ndefu kuliko zote alizonazo, akamfungia. Hakutaka hata soda.

"Shokapu ni ndefu mno," Mama Pacha alisema. "Gurudumu linashuka, springi haifiki. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Wewe uliliona lini?"

Dereva alitazama chini. "Siku ile ile. Gari lilipokuwa bado kwenye jeki niliigusa springi, ikazunguka mkononi mwangu kama bangili. Baba alikuwa anaimba."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje, mke wangu? Nianzie wapi? Baba yako ananiita mwanangu mbele za watu. Mimi nimkague?"

"Basi peleka kwa fundi mwingine."

"Mji mzima utajua kabla ya adhuhuri kwamba mkwe wa Mzee Jeki amempelekea gari mtu mwingine. Hapo si nimemvua nguo sokoni?"

Mama Pacha aliposema atamwambia yeye mwenyewe, baba ni wake, mumewe alimshika mkono. Alimwomba asifanye hivyo. Alisema ataondoka Jumanne saa kumi alfajiri, atakuwa na nafasi hata springi ikitoka mara mbili. Mama Pacha alimtazama yule mwanamume wake mrefu, mabega yamechubuka, macho yamevimba kwa vumbi, na alimpenda vibaya sana wakati ule, na alitamani kumpiga kwa ubao wa kufulia.

"Wewe na heshima yako," alisema. "Haya. Ingia ule."

*

Jumapili Mzee Jeki hakuja peke yake. Alikuja na mwanamume mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, mwenye shule ndogo ng'ambo ya mto, na hata salamu hazijaisha wakawa wameshachuchumaa kando ya gari.

"Tazama mwenyewe," Mzee Jeki alisema, kiganja kikiwa juu ya springi. "Wiki tano mlimani. Muulize mkwe wangu kama imewahi kulia."

Mwenye shule aligeuka. Dereva alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa na taulo begani. Mama Pacha alisimama mlangoni akimtazama.

"Gari ni zuri," dereva alisema. "Baba amefanya kazi kubwa."

"Unasikia?" Mzee Jeki alifurahi. "Na huyu si msemaji. Ukimsikia anasifu, ujue."

"Basi nami nataka hivi hivi," mwenye shule alisema. "Springi hizi, shokapu hizi, urefu huu. Watoto wangu kumi na wawili wanapita mtoni kila siku, yale mawe yananivunjia gari. Nikuletee kesho?"

"Kesho asubuhi na mapema."

Maji yalimwagika kidogo kutoka kwenye birika. Dereva alifikiria watoto kumi na wawili, mto, na gari linaloinama ghafla upande mmoja katikati ya maji. Mawe yake mwenyewe aliyameza wiki tano. Haya hayakumezeka.

"Baba," alisema, "samahani. Naomba kujifunza. Gurudumu likining'inia, springi inafanyaje?"

"Inafanyaje nini?"

"Inabaki kitini?"

Mzee Jeki alicheka, akampiga mgeni begani. "Madereva! Mkwe, wewe kanyaga mafuta, chini tuachie wenyewe." Mwenye shule naye alicheka, kwa upole, jinsi mtu anavyocheka mtoto akiuliza jua linalala wapi. Dereva akacheka nao. Akawamiminia maji ya kunawa, akawaletea viti, akala tonge tatu.

Mgeni alipoaga, dereva alimsindikiza hadi barabarani kama inavyopasa. Aliporudi hakuingia ndani. Alivua shati lake safi la Jumapili, akalitundika kwenye kamba, akatoa jeki. Mzee Jeki alikuwa amekaa kivulini akichokoa meno.

"Mkwe, kuna nini? Tairi?"

Dereva hakujibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutomjibu mzee yule. Aliisukuma jeki chini ya chesisi, ule uti wa chuma unaobeba gari. Aliinua. Mwili wa gari ulipanda, gurudumu la nyuma kushoto likaning'inia. Kisha akapiga goti, akaingiza mkono, akaitoa springi ya baba mkwe wake kwa mkono mmoja, akailaza chini mbele ya miguu ya mzee.

Mama Pacha aliwashika pacha mabega, mmoja kila upande, wasikimbilie.

Mzee Jeki aliitazama ile springi muda mrefu. Alikiweka kijiti chake cha meno kwenye kiti kwa uangalifu. Akaja, akainama kwa shida ya magoti, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kikalio, pale palipochubuka.

"Mara ngapi?"

"Saba, baba."

"Saba. Na unairudisha mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Peke yako. Pale korongoni." Aliipindua springi, akaiona mikwaruzo ya mtaimbo. "Na mimi kila Jumapili naja kuipigapiga kama farasi, na wewe umeshika birika."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini?" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Ungekufa chini ya hili gari, ningemwambia nini mwanangu? Kwamba ulikuwa na adabu?"

Dereva alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, kifua wazi mbele ya mkwewe, jambo ambalo siku nyingine lingemtoa roho. "Niliiona siku ile ile," alisema. "Ilizunguka mkononi. Nikashindwa kusema. Na Ijumaa dawa za watoto zimeoza kwa sababu yangu. Wameniandikia barua. Ningevumilia hata hayo, baba, Mungu ananiona. Lakini yule mtu ana watoto kumi na wawili."

Mzee Jeki alifuta kidole gumba kwenye suruali yake ya Jumapili, ikabaki alama nyeusi.

"Mimi niliisikia," alisema mwishowe.

"Nini, baba?"

"Siku ile. Nilipokuwa nashusha jeki iligonga kitini, ko. Springi iliyobanwa haigongi. Mtoto wa wiki ya kwanza gereji anajua." Alikuwa akizungumza na springi, si na mtu. "Nilipima gari likiwa limesimama sakafuni. Nikajua hapo hapo nilipaswa kupima gurudumu likining'inia. Lakini siku nne zimekwisha, na wewe umesimama pale unanitazama kama naumba dunia. Nikasema moyoni, uzito wa gari utaikalisha. Nikaimba."

Mama Pacha alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema maneno kama hayo, wala kwa mama yake, wala kwake.

Mzee alitoa simu, akaishika mbali na macho, akatafuta namba. Aliweka sikioni, akasubiri, na alipozungumza alizungumza kwa sauti ya kawaida, uani, watu wakipita. "Mwalimu, usilete gari kesho. Ile niliyokuonyesha ina kosa. Springi inatoka. Hapana, si yeye. Kosa ni langu. Nikishalitengeneza na kulipitisha korongoni mwenyewe nitakuita." Alisikiliza kidogo. "Asante. Salamu nyumbani." Akaifunga simu, na uso wake ulikuwa umezeeka, lakini mabega yalikuwa yamelegea.

"Una mkanda wa kufungia mizigo?" alimuuliza dereva.

"Upo garini. Mpana."

"Lete. Tutaufunga kutoka chesisi hadi ekseli, gurudumu lisishuke kupita springi. Kesho nitachomelea vishikio vya chuma, na koili ya chini nitaibana kwa bolti ikae hata ikitaka kuhama. Leo tupate urefu wa mkanda." Akaanza kufungua vifungo vya shati. Mama Pacha akasema, "Baba, magoti yako," naye akasema, "Magoti yangu yalikuwapo siku ile pia, hayakunisaidia."

Gunia lilikuwa moja. Dereva alitandika, akasimama kando akimngoja mzee aingie, kwa sababu mtu halali ubavuni mwa baba wa mkewe. Mzee Jeki alilala, akasogea hadi ukingoni, akaacha nusu.

"Ingia," alisema. "Mimi sioni vizuri huko ndani."

Dereva akaingia. Walilala bega kwa bega chini ya gari, mabega yao yakigusana. Miguu minne ilitokeza nje, miwili na viatu vya kanisani. Pacha mmoja alichuchumaa kuitazama.

Springi ilirudi kitini. Mzee aliupitisha mkanda juu ya chesisi na chini ya ekseli, akauvuta kwa mikono yote miwili, ekseli ikapanda kidogo. "Jumanne mnatoka saa ngapi?" aliuliza huku akivuta.

"Nilipanga saa kumi. Ikikaa, saa kumi na mbili."

"Nitakuja. Nataka kukaa nyuma kushoto." Akashika mkanda imara. "Haya. Hapa?"

Dereva alinyoosha mkono, akaishika springi kwa vidole vyote, akaizungusha. Ilikuwa ngumu. Iligoma kwanza, kisha ikasogea, kidogo sana, kiasi ambacho mtu angeweza kukifumbia macho. Alisikia pumzi za mzee karibu na sikio lake. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kuchoka, mkanda unatetemeka.

"Bado, baba," alisema.

Mzee aliuzungushia mkanda kiganjani mara moja.

"Bado kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Mzee Jeki akavuta vidole viwili.